Kwa Dada Zaituni, Aliyekataa Kuzima Taa za Jirani

Mpendwa Dada Zaituni,

Mvua imenyesha tangu alfajiri na Bwaise imejaa maji tena. Taxi hazipiti barabara ya Bombo, kwa hiyo nimekwama hapa Kawempe, na kwa kuwa sina pa kwenda nimeketi nikuandikie. Tangu tulipokuzika nimekuwa nikiongea nawe kichwani: ninapopika, ninapongoja boda, na kazini wajumbe wanapotoka kunywa chai. Leo nimeona niyaandike, na niyaandike wazi ili na wengine wasome. Vijana walioingia juzi kwenye mazungumzo ya umeme ya jumuiya yetu wanataja "kifungu cha Zaituni" kana kwamba Zaituni ni jina la mji. Hawajui kwamba ulikuwa mtu. Hawajui ulivyokuwa na sauti kubwa, ulivyochelewa kila mkutano, na ulivyoweza kumaliza kisra, ile mikate myembamba ya Kinubi, ya watu wawili huku ukiapa kwamba leo huna hamu ya kula.

Tulikutana hospitali ya Mulago. Mimi nilikuwa mgeni Kampala, nimetoka Bukavu na begi moja na shahada yangu ya lugha, na kazi niliyoipata ilikuwa kuwasindikiza Wakongo wenzangu hospitalini nikiwatafsiria kati yao na madaktari. Siku hiyo nilikuwa na bibi mmoja wa Uvira. Daktari alieleza kwa Kiingereza, kwa upole, kwamba ugonjwa umeshasambaa na kwamba kilichobaki ni kumpunguzia maumivu. Nikamwambia bibi yale yale kwa Kiswahili, polepole, nimemshika mkono. Wewe ulikuwa kitanda cha pili, ukimlisha mama yako uji. Nilipotoka kwenye korido kulia kidogo, ukanifuata na kikombe bado mkononi.

"Wewe mutoto, umetoka wapi?"

"Bukavu, mama."

"Hapana niita mama, mimi bado kijana. Niite dada. Nimekusikia pale ndani. Daktari amesema maneno mabaya na wewe umeyapeleka mazima. Kwa nini hukumficha?"

"Alikuwa ananiangalia machoni, dada. Angejua."

 Kisha ukauliza kama Kifaransa nakijua vizuri au nakijua cha sokoni. Nikakuambia nimekisomea. "Kale," ukasema, yaani sawa kwa Kiganda, "kazini kwetu watu wa Kifaransa tunawatafuta kwa tochi. Njoo Jumatatu." Ukarudi kwa mama yako kabla sijauliza ni kazi gani.

Jumatatu nikajua. Ulikuwa afisa wa wizara upande wa nishati, na ndiwe uliyetumwa kukaa mezani na nchi nyingine za jumuiya: nani amuuzie nani umeme, mafuta yapite njia gani, misitu ilindwe vipi bila watu kukosa cha kupikia, na nchi zetu zikienda kwenye mikutano mikubwa ya tabianchi ziseme nini kwa sauti moja. Mimi nilikaa kwenye kibanda cha vioo nyuma ya ukumbi, hedifoni masikioni, nikiyageuza maneno yako kuwa Kifaransa kwa ajili ya ujumbe wa Kongo. Uliongea kama mtu anayekimbia mvua. Nilikuwa nakupungia mkono kupitia kioo, punguza, punguza, nawe unanipungia pia, ukidhani nakusalimu.

Polepole ukanisimulia ulikotoka. Babu wa baba yako aliletwa na Waingereza kutoka Sudani akiwa askari, na familia yenu ikabaki, Wanubi wa Bombo, kisha wa Bwaise. Baba yako aliendesha lori la mafuta kutoka pwani hadi Kampala. Ulisema kwamba ulipokuwa mdogo, habari za mpaka kufungwa zilikuwa na maana moja tu kwenu: baba haji wiki hii. Na mvua kubwa nayo ilikuwa na maana yake. Nyumba yenu ilikuwa karibu na mfereji, maji yakipanda mnapandisha magodoro juu ya meza, na watoto juu ya magodoro. "Mimi tabianchi nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya meza nimekumbatia kuku," ulikuwa ukiwaambia wataalamu wa kigeni, nao hawakujua kama wacheke au waandike.

Kiswahili chako kilinichekesha na changu kilikuchekesha. Wewe ulisema "kitabu yangu" na "gari mingi imefika," mimi nikasema "niko naenda" na "aksanti mingi." Tukitembea Kalerwe kununua nyanya tukiongea, watu waligeuka kutazama kama kuna askari nyuma yetu, maana mjini hapa Kiswahili bado kina harufu ya bunduki kwa wengi, waliokisikia kwanza vinywani mwa askari. Wewe ukawasalimu kwa Kiganda, wakatulia, kisha ukanigeukia na kuendelea na Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi. Uliniita Fulaha, kwa l badala ya r, kama wauza nyanya walivyoniita. Mpaka leo hakuna mtu mwingine ninayemruhusu.

Nilichokipenda kwanza kwako ni jinsi ulivyowajua watu. Wajumbe wengine waliingia ukumbini na mafaili, wewe ukaingia na salamu. Ulijua binti wa mjumbe wa Kongo anafanya mitihani. Ulijua kwamba Bwana Daudi, aliyeongoza ujumbe wa nchi jirani tuliyokuja kugombana nayo, goti lake linamsumbua, kwa hiyo kila mara uliwaomba wahudumu wamwekee kiti cha pembeni ili anyooshe mguu. Kisha mkutano ukianza unamkaba kwa maneno mpaka jasho linamtoka. Nchi yake sitaitaja hapa. Hukupenda itajwe hata wakati wa ugomvi wenyewe. Ulikuwa ukisema jirani ukishamtukana kwa jina, siku ya kupatana unatafuta jina jingine.

Basi niufikie ugomvi wenyewe.

Ulianzia kwenye kuzuiliana maziwa na mahindi mpakani, wakubwa wakarushiana maneno magazetini, na asubuhi moja tukasikia kwamba malori ya mafuta yaliyokuwa yakija kwetu yamezuiwa upande wa pili wa mpaka. Unakumbuka Kampala ilivyokuwa? Barabara ya Bombo ilinyamaza. Vijana wa boda walizisukuma pikipiki zao hadi kwenye kituo cha mafuta na kulala juu yake mchana kutwa wakingoja. Watu walitembea kwa miguu kutoka Kawempe hadi mjini, viatu mkononi, wakizungumza kama watu wanaotoka mazishini. Wewe ulikuja kazini kwa miguu na ukachelewa kama kawaida, lakini siku hizo ulikuwa na sababu.

Kila mtu alijua tulikuwa na kitu mkononi. Mji wa jirani ulio mpakani ulipata umeme kutoka mabwawa yetu. Pampu za maji za mji ule, shule zake, kituo chake cha afya chenye wodi ya wazazi, vyote vilining'inia kwenye waya mmoja uliotoka kwetu. Mkurugenzi wetu aliitisha kikao kabla ya mazungumzo ya dharura ya jumuiya, yaliyokuwa yafanyike hapa Kampala. Mimi nilikuwapo kutafsiri simu za Wakongo. Alipiga meza.

"Wametukata mafuta, tuwakate umeme. Wataelewa lugha hiyo kabla ya jioni."

Wengi waliitikia. Nakiri hata mimi, niliyetembea hadi malengelenge yakanitoka, niliona ni haki. Wewe ulikuwa unamenya chungwa. Uliliweka chini.

"Mkurugenzi, mimi sitaunga mkono hilo."

"Kwa nini?"

"Umeme tuliwaahidi. Hatukuwaahidi kwa masharti ya maziwa."

"Na mafuta wao hawakuahidi?"

"Waliahidi, na wamevunja. Dunia nzima inaona wamevunja. Tukizima na sisi, kesho hakuna atakayekumbuka nani alianza."

Akakuambia kwamba huruma ni kitu kizuri nyumbani. Ukamjibu, bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha kwa sababu sauti yako nilizoea iko juu: "Sizungumzii huruma. Mwaka huu mto umejaa, tuna umeme wa kuuza. Mvua zetu zimekuwa za kubahatisha, wewe unaona hesabu za maji kabla yangu. Mwaka mvua ikigoma tutamwomba nani umeme? Tutawaomba hao hao. Watatupa, wakijua sisi ni watu wa kuzimiana taa?"

Kikao kikaisha vibaya. Kufika mchana ukaambiwa umeondolewa kwenye ujumbe, upumzike, mtu mwingine atakaa mezani. Nilikukuta ofisini kwako unafunga mkoba. Nilitaka kukuambia maneno makubwa, nikaishia kukuuliza kama umekula.

"Nimekula chungwa ya mkurugenzi," ulisema. Kisha ukakaa, mkoba magotini. "Fulaha, nina watoto wanasoma. Kama kazi hii imeisha, imeisha. Lakini pale kwenye ile wodi kuna mwanamke anayesukuma mtoto leo, hajui hata kama kuna mkutano. Nitamzimia taa kwa sababu ya maziwa?"

Hukwenda kwenye magazeti. Hukumpigia Bwana Daudi kumnong'oneza siri zetu, ingawa namba yake ulikuwa nayo na watu wabaya walisema umempigia. Ulifanya jambo moja tu, uliomba kumwona waziri. Hukupewa nafasi, kwa hiyo ukaenda kumngoja kwenye korido ya hoteli ambako mazungumzo yangefanyika, nami nikasimama nawe kwa kuwa kibanda changu kilikuwa mlango wa karibu. Waziri alitoka na walinzi wake. Mzee wa jeshi yule, Kiingereza chake cha hotuba, lakini mambo yakiwa mazito hurudi kwenye Kiswahili cha kambini. Ulilijua hilo. Ukasimama katikati ya njia.

"Afande, naomba dakika."

Alisimama. Nadhani ni hilo neno, afande, hakuna aliyemwita hivyo siku nyingi.

"Wewe ndiye yule mama anataka tuache jirani anatupiga?"

"Ndiye mimi."

"Wewe uko upande wa nani?"

"Upande wa kwetu, Afande. Ndiyo maana sitaki tuwe watu ambao jirani hawezi kuwaamini. Wewe umepigana. Vita ikiisha, mnaanza kuzungumza na nani? Si na yule aliyeshika neno lake?"

 Mlinzi mmoja aliangalia saa. Ukamweleza kwa kifupi habari ya mto na mvua, ukamweleza kuhusu wodi na pampu, na ukamalizia hivi: "Wao wamefunga mpaka. Acha wao wabaki na aibu hiyo peke yao. Sisi tukae na taa zinawaka, halafu tuone nani atakuja kwenye meza akiwa ameinama."

"Na kama hawafungui?"

"Hata kama hawafungui."

Hapo nilifikiri umejimaliza. Waziri akavua miwani, akaifuta kwa tai yake. "Mkurugenzi wako atanichukia," alisema. Kisha akamgeukia msaidizi wake: "Huyu arudi mezani. Yeye mwenyewe aseme hayo maneno. Yakiharibika, ni yake."

Dada, nimefanya kazi kwenye mikutano mingi tangu wakati ule na sijapata kuona mtu akiingia ukumbini kama ulivyoingia asubuhi iliyofuata. Ulimsalimia kila mtu. Ulimuuliza Bwana Daudi habari za goti, naye hakujua aweke wapi uso wake. Mwenyekiti akakupa nafasi. Ukabonyeza maiki na, badala ya Kiingereza, ukaanza kwa Kiswahili.

"Wenzangu mnisamehe, nitatumia Kiswahili changu cha Bwaise. Ngeli zitapotea njiani, lakini nyote mtanisikia bila mtu wa katikati."

Wajumbe wa Kongo walivua hedifoni. Mimi nikazima kipaza sauti changu, kwa mara ya kwanza sikuwa na kazi, nikabaki kusikiliza tu kama watu wengine.

"Mafuta yetu yamelala kwenu," ulimwambia Bwana Daudi. "Umeme yenu inatoka kwetu. Kuna watu kwetu, na si wajinga, wanataka niizime. Nimekuja kusema mbele ya wote kwamba hatuizimi. Leo hatuzimi, na msipofungua mpaka, kesho pia hatuzimi. Sijaja kuwauzia hilo. Wagonjwa wenu si bidhaa. Lakini naomba tukiwa hapa tuandike kitu kimoja: kwamba katika jumuiya hii, tukigombana kwa maziwa, kwa mahindi, kwa samaki, hakuna atakayegusa taa za hospitali na pampu za maji za mwenzake. Hali ya hewa imeshabadilika, inatutesa wote bila kuangalia pasipoti. Tusiisaidie."

Hakuna aliyepiga makofi. Bwana Daudi alisema kwa Kiingereza kwamba amesikia, kwamba hana maagizo kutoka kwao, akakusanya mafaili yake na kutoka akichechemea. Mkurugenzi wetu alikutazama kana kwamba ameona gari likitumbukia mtoni.

Siku zile za kungoja ndizo ninazoziheshimu kuliko hotuba yenyewe. Mpaka ulibaki umefungwa. Gazeti moja lilikuita mama huruma. Tukiwa tunatembea kurudi Kawempe, kijana wa boda aliyekuwa amekalia pikipiki kavu alikutambua, akakupigia kelele kwa Kiganda kwamba nyinyi ndio mnaowapa watu umeme wetu huku sisi tunakufa njaa. Nilikuvuta mkono tupite. Ukakataa. Ukaenda ukaketi kwenye ukingo wa mtaro karibu naye.

"Mke wako yuko wapi?" ulimuuliza.

"Mulago. Amejifungua juzi."

"Mtoto mzima?"

"Mzima. Msichana."

"Alhamdulillahi. Sasa niambie, mtu akija akazima taa pale mke wako amelala, kwa sababu ya ugomvi wa wakubwa, utamwita nani?"

 Kijana alisema tu kwamba hana mafuta na nyumbani wanataka kula. Ukamwambia ana haki ya kukasirika, hukujaribu kumtoa kwenye hasira yake. "Nikasirikie mimi," ulisema, "lakini mimi sibadilishi." Tulipoondoka alikuwa bado amenuna. Nyumbani ulikaa jikoni ukalia, ukaniambia huenda umekosea, huenda mkurugenzi ndiye aliyekuwa na akili. Kisha ukanawa uso, ukakanda unga.

Mpaka ulifunguliwa wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyetangaza sababu. Malori yalianza kuingia yakiwa na vumbi la siku za kukaa juani, na watu wa Kawempe walisimama kando ya barabara wakiyapungia kama harusi inapita. Bwana Daudi alikupigia simu tukiwa ofisini, ukaweka spika ili nisikie.

"Mama Zaituni, wakubwa wangu walikuwa wamejiandaa mkizima," alisema. "Walikuwa na majibu yote. Mlipokosa kuzima hawakuwa na la kusema. Hiyo kitu yako, iandike. Nitaisaini."

Kuiandika kulichukua muda mrefu kuliko ugomvi. Nchi moja ilitaka hospitali kubwa tu, nyingine ikasema pampu za maji si jambo la umeme, Wakongo wakauliza kuhusu miji yao iliyo mbali na waya wowote. Wewe ulikaa nao neno kwa neno. Siku moja mlibishana asubuhi nzima juu ya tofauti ya "inaweza" na "itapaswa," ukaniita nitoke kibandani nieleze Kifaransa kinasemaje, ukaniweka kiti karibu nawe mezani. Hakuna mkalimani anayeketi pale. Hukuuliza ruhusa ya mtu. Kifungu kikapita.

Halafu mvua ikagoma, kama ulivyosema. Si mara moja. Msimu mmoja ukaja mfupi, uliofuata haukuja kabisa, na mto ukapungua mpaka wataalamu wetu wakaanza kuongea kwa sauti za chini. Mabwawa yakashindwa. Tukapeleka ombi kwa jirani. Umeme wao ulianza kuja kwetu kwa waya ule ule, ukielekea upande mwingine, bila mjadala mrefu. Mkurugenzi alikuja mwenyewe hadi ofisini kwako. Alisimama mlangoni, akasema, "Zaituni, nimekuja kukushukuru." Ulikuwa umeshaanza kukonda wakati huo, ingawa tulijifanya hatuoni. Ulimkaribisha kiti, ukamwambia ashukuru majirani, wewe hujawasha taa yoyote. Kisha mkanywa chai na kuzungumzia wajukuu wake. Sikuwahi kukusikia ukimkumbusha, hata kwa utani.

Ugonjwa wako sitauandika hapa. Ulikuwa mfupi na ulikuwa mkali, na wewe ulinikataza kuwaambia watu mpaka itakapobidi. Nilikaa nawe Mulago mchana, watoto wako wakaja jioni. Uliponiuliza madaktari wamesema nini kwa Kiingereza, wakati wewe Kiingereza unakijua kuliko mimi, nilielewa kwamba unataka kusikia kutoka kwa mtu anayekupenda. Nikakuambia, yote. Ukafumba macho, ukasema, "Aksanti mingi," kwa Kiswahili changu cha Bukavu, na tukacheka mpaka nesi akaja kuangalia.

Tulikuzika Bombo baada ya sala ya adhuhuri. Bwana Daudi alikuja. Alisafiri usiku kucha kwa gari, akasimama kaburini mpaka mwisho, akakataa kiti alicholetewa. Ilipofika zamu yake aliweka udongo kwa mikono yake na kusema kwa Kiswahili, mbele ya familia yako yote, "Huyu alinishinda, na mimi nikapata faida." Mama mmoja wa Kinubi aliyekuwa pembeni yangu aliuliza huyu mzee ni nani kwenu. Nikamwambia ni jirani.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ule mji wa mpakani kwa mara ya kwanza. Miaka yote niliutafsiri, sikuwahi kuuona. Ni mji mdogo tu, soko, msikiti, kanisa, malori. Nikaenda hadi kituo cha afya, nikaomba kuona wodi ya wazazi. Nesi aliyenipokea hakuwahi kusikia jina lako, wala habari za mkutano wowote. Nilimuuliza kama umeme hukatika. Akasema unakatika kidogo mvua ikiwa na radi, kama kwingine. Kulikuwa na wanawake watano au sita wamelala, mmoja ananyonyesha, mashine ya kuwapasha joto watoto njiti inaunguruma kwenye kona. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anafikiria kuhusu umeme. Nilikaa pale kwenye benchi, dada, nikaona kwamba hicho ndicho ulichokuwa unakitaka, watu wasiwe na sababu ya kufikiria. Nikaondoka bila kusema lolote, nikalia ndani ya gari, kilio kizuri.

Ninakukosa. Ninakukosa zaidi mikutanoni, wajumbe wanaposema kwa ufasaha mkubwa na hakuna anayemuuliza mwenzake goti lake linaendeleaje. Nimekuwa mkuu wa wakalimani sasa, nina vijana kutoka Goma, Bujumbura na Arusha. Nawafundisha kazi, lakini ushujaa sijui kuufundisha. Nawasimulia tu habari zako, na kila mara kuna mmoja anayeinua kichwa.

Kesho yanaanza mazungumzo mapya hapa Kampala, juu ya mkaa. Nchi nyingine zinataka biashara yake mipakani ipigwe marufuku mara moja ili misitu ipone, na wana haki, umeona milima ilivyobaki mitupu. Wengine wanasema kwanza watu wa Bwaise na Goma wapate gesi na umeme wa kupikia wanaoumudu, nao wana haki. Kiti chako amepewa Mariam, yule mwanasheria mpole aliyekuja mwaka wako wa mwisho. Amenipigia leo asubuhi, mvua ikinguruma nyuma yake. Anasema ameshasoma kila kitu na bado anaogopa, kwa sababu mkurugenzi mpya amemwambia la kusema na yeye haliamini.

Nikamuuliza, "Wewe unaamini nini?"

Akaniambia. Alichukua muda, alijikwaa, lakini aliniambia, na lilikuwa jambo la maana. Nimemwahidi kwamba kesho nitafika mapema kuliko wote, tuketi tunywe chai kabla ukumbi haujajaa, aniambie tena kwa sauti kubwa zaidi.

Lala pema, dada yangu. Mimi bado niko kazini.

Mdogo wako anayekupenda,
Fulaha